Mwezi Mpevu na Karabai

Hadithi ya kwanza niliyoweza kuifikisha mwisho iliua watu wanne katika kurasa kumi na moja za kaunta buku. Ilikuwa mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu, na nilikuwa nimetoka kusoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, nakala isiyo na jalada iliyokuwa ikihama bwenini kutoka godoro hadi godoro. Riwaya ile ilitoka 1971 na iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Sifa hiyo peke yake ilitosha kutufanya tuisome kwa tochi. Kwa sisi watoto wa Mwanza kulikuwa na la ziada: mwandishi ni mtu wa Namagondo, Ukerewe, hapo ng'ambo tu, penye meli tuliyoizoea ikija na kurudi na mihogo, machungwa na kuku. Na yule baba mlevi wa Rosa, Zakaria, nilimfahamu. Nilimfahamu kuliko nilivyopenda watu wajue.

Rosa alipojiua, chakula kilinishinda siku mbili. Siku ya tatu nikaona wivu. Nikataka na mimi pawe na mtu duniani ambaye chakula kitamshinda kwa sababu yangu.

Basi nikaandika habari za binti wa kambi ya wavuvi. Mama akafa kwa kipigo, kichanga kwa homa, kaka akazama, na binti mwenyewe akajitosa ziwani usiku wa mbalamwezi, taa za karabai za wavuvi wa dagaa zikimzunguka kama mishumaa ya kanisani. Sentensi hiyo ya mishumaa niliipenda mno. Niliikariri nikioga.

Mwalimu wa Kiswahili alinirudishia daftari na maneno mafupi kwa kalamu nyekundu: lugha nzuri, lakini inakatisha tamaa, fasihi ijenge jamii. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba Kezilahabi naye wahakiki walimsema vivyo hivyo, hasa kwa Kichwamaji ya 1974, ambamo Kazimoto anaishia kujitoa uhai. Ningelijua siku ile ningevimba kichwa. Sikujua, nikanuna.

Likizo ya Desemba nilikaa kwa shangazi, aliyekuwa akiuza dagaa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba. Desemba si mwezi wa kuonea raha dagaa. Mvua ikiwakuta mchangani kabla hawajakauka, wanageuka rangi na kunuka, na mnunuzi anabaki kukutazama tu. Alasiri moja mvua ilituvamia, tukaburuta magunia chini ya turubai, tukabanana humo: shangazi, wanawake wengine watano au sita, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipepeta dagaa kwenye ungo kuondoa mchanga, kazi aliyoifanya mvua iwe inanyesha isiwe inanyesha. Wateja hakuna. Shangazi akaliona daftari ndani ya mfuko wangu.

"Hilo si ndilo lililokununisha wiki nzima? Haya, baba, soma tusikie."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, polepole, nikiwapa nafasi ya kulia. Mama alipokufa walisema "maskini" na mmoja akauliza kama huyo mama hakuwa na wenzake wa upatu.

"Mwanamke wa mwaloni hachezi upatu na mtu? Hana hata jirani wa kumkopa chumvi? Sasa huyo anaishi wapi?"

Sikuwa na jibu. Kichanga kilipokufa, wakataka kujua kwa nini hakupelekwa zahanati, na kama kulikuwa hakuna mtumbwi wa kuwavusha, basi niseme. Kaka alipozama walinyamaza kabisa. Ilikuwa imepita miaka miwili na nusu tangu meli ya MV Bukoba izame ziwani humo, Mei 1996, na pale Mwaloni mtu alikuwa halitaji neno kuzama hivi hivi tu. Nadhani ni hapo nilipopaswa kufunga daftari. Lakini mishumaa ilikuwa bado.

Nikafika usiku wa mbalamwezi. Nikainua sauti. Binti anasimama ukingoni, mwezi mpevu unang'aa juu ya maji, na karabai mia moja...

Wakaangua kicheko. Si cha kuficha mdomo na kanga. Shangazi alishika mbavu, mwingine akalalia gunia.

"Mwezi mpevu na karabai, wapi na wapi!" akasema huyo wa kwenye gunia akijifuta machozi. "Mwanangu, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi. Taa itavuta nini na ziwa zima ni jeupe? Siku hizo wavuvi wanashona nyavu na kulewa."

"Huyo binti angengojea giza," akasema mwingine, "wangemwona wakamwopoa!"

Nilizaliwa na kukulia jijini humo, shangazi yangu amenisomesha kwa dagaa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kuna wiki ambazo mwalo unapoa. Masikio yaliwaka. Niliwachukia wote, na kumbe waliokuwa wakicheka ndio waliokuwa wamesikiliza kila neno. Yule mwalimu hakuiona karabai.

Mama wa ungo hakucheka. Alikuwa ameacha kupepeta, na sikujua tangu saa ngapi.

"Rudia pale mwanzo," akaniambia. "Pale baba anaporudi."

Ukurasa wa pili. Niliuandika kwa haraka nifike kwenye vifo, na niliuona mwepesi. Baba anarudi usiku, na mama anajua amelewa kiasi gani kwa jinsi anavyolitafuta komeo la mlango. Akilipata mara moja, watakula. Akilikosa mara tatu, mama anaipitisha sufuria ya ugali dirishani kwa jirani, na watoto wanaanza kukoroma kwa makusudi, kila mmoja na koromo lake. Hapo sikuwa nimebuni chochote. Shangazi alijua, kwa sababu baba huyo ni kaka yake, na nilipokuwa nikirudia kusoma alijishughulisha na kufunga gunia lililokwisha kufungwa.

Nilipomaliza, mama wa ungo akasema, "Tena." Nikasoma mara ya tatu, safari hii bila sauti ya redio. Mvua ilikuwa imepungua. Hakulia, hakusema jambo lolote juu ya nyumba yake. Aliokota ungo, akapuliza vumbi, akauliza tu kama watoto wanaokoroma walikuwa watatu au wanne. Nikamwambia watatu. Akatikisa kichwa kama mtu anayehakikisha hesabu.

Kesho yake nilimkuta ameketi na mwanamke mwingine, mdogo kwake, mwenye mtoto mgongoni.

"Msomee na huyu," akasema akinisogezea ndoo niikalie. "Lile la komeo. La mwezi liache."