Kutoka Mbezi hadi uani kwa shangazi

Basi la Morogoro lilitushusha stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, saa nane mchana. Daladala hadi Kimara, kisha basi la mwendokasi. Njiani sina kubwa la kusimulia, ila kwamba nilisimama mpaka Manzese, begi kifuani, kikwapa cha jirani usoni. Kilipotangazwa kituo cha Usalama, Magomeni, nikajisukuma mlangoni.

Shangazi alikuwa ng'ambo ya barabara, kanga begani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi, huko kwenu hamli?" Akaninyang'anya begi.

Nyumba yake ni ile ile ya Kiswahili iliyojaa Magomeni. Mbele baraza ya saruji, iliyolainika kwa miaka ya watu kukaa na kupiga soga. Ukiingia, korido imepasua katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, kila mlango na pazia lake. Nyuma ni uani: choo, bafu, majiko ya mkaa, ndoo zimepangwa foleni. Wapangaji wanne, shangazi wa tano kwa vyumba vyake viwili.

Mita ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni moja. Pembeni yake imebandikwa karatasi yenye zamu za kununua umeme, kwa mwandiko wa shangazi. Mwenye friji anaongeza hela, na fundi cherehani wa chumba cha pili anaongeza kwa ajili ya pasi. Kila mwezi fundi huapa kwamba pasi yake ni ya mkaa. Ya mkaa ipo kweli, nimeiona, imejaa vumbi.

Jioni tukatoka kuelekea Mtaa wa Ifunda, kwenye nyumba ya Mwalimu Nyerere. Aliacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili aifanye kazi ya TANU, na katika miaka ile ya kudai uhuru alikaa hapa Magomeni. Leo ni makumbusho. Tulichelewa, pamefungwa, tukaishia kuitazama kwa nje. Sijui kwa nini nilitegemea jumba. Ni nyumba ya chini, ya kawaida, ambayo ningeipita bila kugeuka.

"Na yangu tofauti yake kibao tu," shangazi akasema. Nikacheka, lakini alikuwa hatanii.

Tukarudi kwa upande wa Magomeni Kota. Kota zile za zamani zilibomolewa, kaya 644 zikahama, na maghorofa yaliyojengwa mahali pake Rais Samia aliyazindua mwaka 2022. Rafiki yake shangazi anakaa huko juu. Maji ndani, choo ndani, hagombani na mtu kwa ajili ya ndoo. Lakini kila alasiri anashuka na mkeka wake kuja kukaa barazani kwa shangazi. Tulimkuta kashatandika, anachambua mchele wa watu wengine.

Tulikula wali na maharage ya nazi. Saa tatu na nusu hivi, feni ikazunguka polepole, ikasimama. Giza nyumba nzima.

"Zamu ya nani?" mtu akauliza kutoka koridoni.

Shangazi akawasha tochi ya simu, akaimulika karatasi, kidole kikashuka mstari kwa mstari.

"Chumba cha pili!"

Nyuma ya pazia la chumba cha pili, cherehani iliyokuwa ikilia kwa mguu ikanyamaza.