Waliomzunguka Juana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni 1 Samweli 1:12-17, lakini naomba tulifikie kwa kupitia picha moja iliyoko Madrid, kwenye Makumbusho ya Prado.

Aliyeichora ni Francisco Pradilla, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1848 huko Villanueva de Gállego, karibu na Zaragoza. Aliikamilisha mwaka 1877, alipokuwa Roma kwa ufadhili wa masomo, na mwaka uliofuata ikampatia medali ya heshima katika maonyesho ya kitaifa. Upana wake ni mita 5.

Anayeonekana ni Malkia Juana wa Castilla, ufalme wa zamani huko Hispania. Mumewe, Felipe, alifariki ghafla mjini Burgos Septemba 1506, naye Juana akaondoka na jeneza kulipeleka Granada, msafara ukitembea usiku. Pradilla amemsimamisha uwandani, mjamzito, ndani ya gauni zito jeusi. Upepo unapeperusha shela yake na kuulaza moshi wa moto uliowashwa kando. Macho yake hayabanduki kwenye jeneza. Kwenye mkono wake wa kushoto mna pete mbili za ndoa, yake na ya marehemu.

Sasa watazameni waliomzunguka. Wamechoka, wamejikunyata kwa baridi, wengine wanamwangalia kama watu wanaosubiri aliye mbele yao amalize ili waende zao. Wamefika msibani, ila msiba ni wa Juana peke yake. Mimi hapo ndipo picha hii inaponichoma.

Walimwita Juana Kichaa, na jina hilo limemganda hadi leo. Baba yake, Fernando, alimfungia katika mji wa Tordesillas mwaka 1509. Mwanawe Carlos alipotawala hakumfungulia. Juana alifia humo mwaka 1555, baada ya miaka 46. Taji lilikuwa lake kwa haki. Waliotawala mahali pake ndio walionufaika aliposemwa kuwa hana akili timamu.

Mwanamke wa neno letu, aitwaye Hana, naye alieleweka vibaya. Eli, kuhani wa Mungu, aliona midomo yake inatikisika bila sauti alipokuwa akiomba, akamdhania mlevi na kumkemea pale pale hekaluni. Hana akamjibu kwa heshima kwamba hakunywa divai wala kileo. Ni mwanamke mwenye huzuni rohoni, anaimimina nafsi yake mbele za Bwana. Eli alikosea, lakini alipoambiwa alisikia. Akamwambia aende kwa amani, na Mungu wa Israeli ampe alichoomba. Hilo Juana hakulipata kwa baba wala kwa mwana.

Wapendwa, sisi hujaa msibani. Tunachanga, tunapika, tunaimba usiku kucha. Matanga yakishaanuliwa, mjane akiendelea kulia mwezi wa sita tunaanza kunong'ona kwamba amezidisha, imani yake ni ndogo, pengine ana pepo. Tunamkemea kabla hatujamuuliza neno.

Mwaka 1906, karibu miaka thelathini baada ya picha ile ya kwanza, Pradilla alimchora Juana tena, safari hii akiwa kifungoni Tordesillas pamoja na Catalina, binti aliyezaliwa baada ya baba kufa. Alimrudia. Nasi tuwarudie waliofiwa: kila mmoja wetu amtafute wiki hii mtu mmoja aliyefiwa zamani kidogo, aende akaketi naye, amuache amtaje marehemu kwa jina, na asimkatishe.