Nilivyokula kwa mama, kule Bububu, na meli isiniache

Nyie mlionambia meli yetu ikipita Unguja "si ndio kwenu yakhe, utashuka tu" Mungu anawaona. Hakuna cha kwenu wala kwao, meli ikitia nanga Unguja mie ni baharia kama mabaharia wengine, pasipoti yangu imefungiwa ofisi ya meli, naingia nchini kwangu na kikaratasi cha ruhusa sawasawa na Mfilipino.

Mie niko dobi kwenye meli ya watalii, zile safari za kuzunguka dunia, inatoka Marekani Januari inamaliza Ulaya mwezi wa tano. Watu wakisikia wanadhani nimeiona dunia. Dobi iko chini kabisa, dirisha hakuna, nilichokiona zaidi ni mashuka ya wazee waliostaafu. Na hao wazee wakifika kwetu washapita bandari nyingi mpaka wengine wanauliza leo tupo wapi. Tunakwenda magharibi, kwa hiyo kila baada ya siku chache saa zinarudishwa nyuma, na kule katikati ya Pasifiki kuna siku nzima inaruka, unalala Jumatatu unaamka Jumatano. Hili la saa lishikeni, ntalirudia.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka juzi. Baharia mmoja wa siku nyingi akanambia mwambie mama aje bandarini tu, utatoka. Mama akapika pilau kwenye lile sufuria la harusi, akachukua na mashangazi wawili, saa mbili asubuhi washafika geti la Malindi, bandari ya mjini Unguja. Mie saa hiyo ndio natazama ubao naliona jina langu kwenye zamu ya kubaki. Kwa asojua, meli ikiwa bandarini hawashuki wafanyakazi wote, lazima wabaki watu wa kutosha pakitokea moto au jambo lolote. Nikamwendea bosi nikamwambia mama yangu yupo pale, nikamuonesha na kidole kabisa maana ukisimama nje unaiona Forodhani yote. Akasema kila mtu hapa ana mama.

Basi nikampigia simu. Nikamwambia mama tazama baharini, kuna meli kubwa nyeupe, ntakupungia shuka. Nikabeba shuka la kitanda cha watu wawili, nikaenda pale mlango wa ubavuni wanapopakilia mizigo, nikalipeperusha mpaka mabega yakaniuma. Mama kwenye simu, "Nakuona mwanangu, nakuona!" Mashangazi nawasikia nyuma yake wanapiga vigelegele. Mie machozi yananitoka. Wiki ya pili dada yangu ananitumia picha, mama kanyoosha mkono anapunga kwa furaha zote, kumbe anaipungia meli ya makontena. Na mie shuka lile lilishika grisi ya mlango, bosi akanikuta nalo, nikala barua ya onyo. Pilau wakala makuli wa bandarini.

Safari hii sikumuomba mtu ushauri. Nilianza mapema, tulipofika Manila mwezi wa tatu. Kuna Mfilipino tunafanya naye kazi, Manila ndio kwao na siku hiyo ilimwangukia zamu ya kubaki, ana mtoto wa miezi minane hajawahi kumpakata. Nikamwambia nenda, nabaki mie, utanilipa Unguja. Wenzangu wakanicheka eti umegawa Manila nzima kwa maneno matupu. Wapi! Siku ile ile nilimpeleka kwa bosi tukabadilisha zamu zote mbili, ya Manila na ya Unguja, akatia saini mbele yetu. Ukingoja mpaka mfike huko unakokutaka utakuta kila mtu tumbo linamuuma.

Tukafika Aprili, masika yamekolea. Meli ilikaa nangani, watu wanaletwa pwani na boti ndogo za meli, na abiria ndio kwanza, siye mpaka waishe. Unasimama na viatu vyako vya kutokea unatazama wazee wanashuka mmoja mmoja na fimbo zao. Zamu yetu ilifika saa sita kasoro. Ya meli, nasema. Maana tulikuwa tunatoka Shelisheli ambako wametutangulia saa moja, na tukitoka Unguja tunakwenda Morisi ambako saa zao ni zile zile za Shelisheli, kwa hiyo nahodha akaona hakuna haja ya kurudisha saa kwa siku moja. Wafanyakazi tunatakiwa tumerudi saa tisa u nusu, yaani saa nane u nusu ya huku. Na simu ikishashika mtandao wa nyumbani tu inajirekebisha yenyewe, unaitazama unajiona bado una saa nzima ya kupiga soga. Abiria aliyekata tiketi ya matembezi ya meli yenyewe akichelewa anangojwa, baharia nani amngoje? Mie nilivaa saa ya mkono ya dola kumi na kitu nliyonunua Singapore, sikuigusa, simu nikaizima nikaitia mfukoni. Na mjini usitegemee mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la pale Forodhani, ulikwenda na maporomoko ya Disemba 2020.

Mdogo wangu alikuwa geti na vespa ya mjomba, anipeleke kwetu Bububu, nje ya mji. Dereva wa teksi alitaka fedha za kitalii kisa kaona kitambulisho changu cha meli kinaning'inia shingoni (kivueni hicho kabla ya kutoka getini). Kinazini, Maruhubi, Mtoni, Kibweni, mvua inatupiga usoni, foleni tunaipita pembeni. Ile treni ya mjini mpaka Bububu iliyoanza 1905 ingelikuwepo mpaka leo walau ningefika mkavu.

Mama baada ya kulia kidogo akaniuliza unaondoka saa ngapi, nikamwambia saa tisa u nusu ya meli, akasema basi mbona bado mapema, samaki ntamuweka makaa baadaye. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Mwisho akapanda kigoda, akaivua saa ya ukutani, akaisukuma mbele saa moja akaitundika. Nyumba nzima ikawa inakwenda kwa saa ya meli! Adhana ya Adhuhuri ilipolia bibi katazama ukutani, saa saba u nusu, akasema, "Huyu muadhini leo kapitiwa na usingizi?" Mama akamjibu, "Muadhini yuko Unguja bibi, siye tupo melini."

Nilikula wali wa nazi, mchuzi wa papa, bilingani, pilipili ya kusaga. Melini wali upo asubuhi, mchana na usiku, lakini ni wa maji matupu, unateleza tu. Nilikula mpaka mdogo wangu akauliza kama vespa itanibeba.

Tuliondoka saa nane na ishirini ya ukutani na Malindi tukafika kwenye saa tisa, nimerowa mpaka soksi. Mafuta nilimpa elfu kumi na tano, sijui ishirini. Mfilipino nilimchukulia halua, ile ya kikapu iliyofungwa vizuri, hiyo walinzi hawana neno nayo. Lakini mama alikuwa kanifungia na wali na papa kwenye bakuli la plastiki "ukawaonjeshe wenzio", na mie najua chakula kilichopikwa nje hakipandi melini, walinzi wanatupa pale pale. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Napita getini nasikia kuli mmoja ananiita, mzee mzee hivi, "Wewe si mtoto wa yule bi wa pilau?"

Nikampa bakuli. Usiku nikampigia mama nikamwambia meli nzima imesifia.