Selotepu mbili

Jana tulipotoka kumpima macho binti yangu, hakuuliza habari za miwani wala za matone yaliyomwasha. Aliuliza ile selotepu iliyobandikwa sakafuni, kwenye miguu ya kiti, ni ya nini. Nilikawia kumjibu, kwa sababu nilimkumbuka yule mzee fundi cherehani.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa utafiti. Nilikuwa nikichunguza kama mazoezi ya kutambua herufi zilizofifia yanaweza kuwaongezea wazee uwezo wa kuona, na mzee alikuwa amerudi kwa kipimo cha pili. Kwa jicho la kushoto alisoma mstari mmoja zaidi kuliko mara ya kwanza: herufi 5, ambazo kwenye chati ya logMAR, ile ya herufi za kupimia uwezo wa kuona, iliyojengwa juu ya kanuni walizochapisha wataalamu wa macho Bailey na Lovie mwaka 1976, kila moja huhesabiwa 0.02. Alikuwa mtu wa 6 mfululizo kupanda mstari mmoja, nami, nakiri, nilikwisha kuanza kuitunga kichwani sura ya matokeo.

Mzee hakuinuka. Aliitazama chati, akaitazama sakafu, akafinya jicho moja kama anayekadiria kitambaa kabla ya kukikata, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, safari hii umenisogeza. Hapa pamepungua karibu yadi moja.”

“Hapana, mzee, ni mita 4,” nilimjibu, maana ndivyo fomu ilivyosema, tena kwa herufi za chapa. Kazi yangu ilikuwa kutia alama ya vyema tu. Alitabasamu, akanyoosha mkono. Nikampa ncha ya futikamba, akaishika kwa vidole viwili kwenye kona ya jicho lake, bila kutetereka, nami nikarudi kinyumenyume hadi kwenye chati. Ilisoma sentimita 320. Selotepu ya manjano tuliyoweka kiti ilikuwa ya mwenzangu aliyekuwa akipima watu wenye uoni hafifu; yangu, nyeupe, ilikuwa nyuma ya mgongo wa mzee, imechakaa kwa kupigwa deki. Kwenye chati ile, kutoka mita 4 hadi 3.2 ni mstari mmoja kamili.

Niliwaita upya wote 6. Wanne walikuja, na mstari wao ukatoweka. Wawili hawakupatikana, nikawaondoa. Kama macho ya hao wawili yaliimarika kweli, sitajua. Linalonisumbua zaidi ni jingine: kama wangeshuka mstari mmoja, nadhani ningepiga magoti na futikamba siku ileile ya mtu wa kwanza.

“Ni ya kuzuia kiti kisitembee,” nilimwambia binti yangu hatimaye.

“Kwani viti hutembea, mama?”