Barua ya kuachishwa kazi ukiwa na miaka 54: isome kabla ya kusaini

Fundi au dereva wa miaka 54 akiitwa ofisini na kukabidhiwa bahasha, jicho hukimbilia kwenye tarakimu. Lianzie kwenye maneno. Barua itasema amepunguzwa kazi, au ameacha mwenyewe, au amestaafu, na kila neno kati ya hayo lina hesabu yake.

Ukipunguzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inakupa kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ukistaafu kwa umri, au mkataba wa muda maalumu ukiisha wenyewe, hupati. Ndiyo maana mtu wa miaka 56 huletewa karatasi ya "kustaafu kwa hiari" wakati hajaomba kustaafu. Umri wa hiari ni 55 kweli, lakini hiari ni yako, si ya ofisi. Usisaini. Omba barua ieleze sababu halisi.

Sasa tarakimu. Mshahara wa msingi shilingi 600,000 kwa mwezi, miaka 14 kazini. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, gawanya kwa siku 26 za kazi za mwezi: 23,077. Mara 7, mara 10 (ile minne ya ziada haihesabiwi): takriban 1,615,000. Mhasibu akigawa kwa 30 utapewa 1,400,000. Hiyo laki mbili na ushee inapotea kimyakimya, kwa hiyo dai karatasi yenye mchanganuo, si jumla tu. Juu yake weka notisi ya siku 28 au malipo yake kwa anayelipwa kwa mwezi, likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi. Aliyeajiriwa Manyoni au Kondoa akaletwa kufanya kazi Dodoma mjini ana haki ya kurudishwa alikoajiriwa pamoja na mizigo yake. Hili wengi hawalidai, sijui kwa nini. Labda kwa sababu wameshajenga Nkuhungu, hapohapo Dodoma.

Upande wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ndiko umri unakobana zaidi. Fao la upotevu wa ajira ni thuluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari na hajafikisha 55. Neno "ameacha mwenyewe" likiwa kwenye barua, fao limekwenda. Na mwenye miaka 54 na miezi 10 asikae nyumbani akisubiri mvua: apeleke maombi wiki hiyohiyo.

Ukishapita 55, swali linakuwa moja: umechangia miezi mingapi? Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180, yaani miaka 15. Hapa ndipo watu wa saiti wanapoumia, kwa sababu miaka 20 ya vibarua na mikataba mifupifupi inaweza kuzaa michango ya miezi 130 tu. Chukua taarifa ya michango, uiweke kando ya hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokatwa kwenye hati lakini haumo kwenye taarifa ni deni la mwajiri. Peleka hati kaunta ya NSSF, maana neno la mdomo halitatosha. Ukiwa na miezi 172, usikimbilie mkupuo, yaani malipo ya mara moja. Ulizia kwanza kuchangia kwa hiari miezi 8 iliyobaki, na jibu lao liwe la maandishi.

Kinachokwamisha faili mara nyingi ni jina. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Yohana, NSSF inasema John, cheti cha ubatizo kina mwaka mwingine kabisa. Hati ya kiapo kwa wakili hurekebisha tofauti ya jina, lakini anza ukiwa bado kazini, mwajiri akiwa bado anapokea simu yako.

Kama kuachishwa kwenyewe si halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) inakupa siku 30 kujaza fomu namba 1. Siku za wikiendi zimo humo, na ahadi ya meneja kwamba "tutalimaliza wenyewe, mzee" haisimamishi saa. Siku ya 31 utahitaji pia fomu namba 2, ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na sababu nzito ya kuchelewa.