Kumbukumbu ya mradi: baiskeli ya milimani ya umeme, awamu ya vifaa

Baiskeli yenyewe ni ileile: mota ya katikati yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 85, betri ya Wh 630 (wati-saa, kipimo cha umeme inaobeba), gurudumu la mbele inchi 29 na la nyuma 27.5, shokomzoba mbele na nyuma. Betri ikiwa ndani, ina kilo 24. Kilichobadilika ni orodha ya vitu vya kununua. Ilikuwa ndefu mno, na karibu nusu yake nimeipiga mstari.

Kwa wenye baiskeli za milimani zisizo na mota, mchezo wote ni wepesi. Gramu zinavyopungua, bei inapanda, na watu wanalipa. Kwenye hii ya umeme hesabu hiyo haisimami. Mimi na baiskeli tukiwa kilo 104 kwa pamoja, usukani wa kaboni na kiti chepesi vikiniondolea nusu kilo nzima, nimepunguza chini ya asilimia 0.5, na kilimani anayenivuta ni mota, hata hajui. Ila kilo hizohizo 104 zinaposhuka mteremko wa mawe, kuna vitu vichache vinavyozishika: tairi, diski za breki na pedi zake. Kwa hiyo safari hii karibu kila nilichonunua ni kizito kuliko kilichotoka kiwandani. Fundi aliyepokea mzigo aliniuliza kama nimekosea kuagiza.

Tairi

Nimeanza hapa na sijutii. Tairi zilizokuja na baiskeli zilikuwa za ukuta mwembamba, chini ya kilo moja kila moja. Kwa njia laini hazina neno. Kwenye mawe, ya nyuma ndiyo inayoumia, kwa sababu mota na betri havinyanyuki kirahisi unapotaka kuliruka jiwe. Gurudumu la nyuma linalikuta jiwe uso kwa uso. Nimeweka tairi za ukuta mnene, kilo 1.2 na ushei, upana inchi 2.5 mbele na 2.4 nyuma. Mpira wa mbele ni laini ili ushike kwenye kona. Wa nyuma ni mgumu zaidi, maana torki ya mota hutafuna mpira laini kabla hujaufaidi.

Anayeagiza tairi aangalie namba ya milimita iliyochapwa ukutani, mfano 61-584. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokalia rimu. Inchi 29 ni 622, inchi 27.5 ni 584. Baiskeli yenye magurudumu mawili ya vipimo tofauti haikusamehe ukiagiza jozi moja kwa mazoea.

Zote mbili zinakwenda bila tyubu. Rimu nimeifuta kwa spiriti, nikabandika utepe mpya uliopita upana wa ndani wa rimu kwa milimita chache ili upande hadi kwenye kingo, nikatoboa tundu la vali kwa msumari uliopashwa moto badala ya kisu, kwa sababu tundu la kisu huendelea kuchanika. Kisha vali, kisha tairi, kisha moyo wa vali nje ili hewa iingie kwa kasi. Ukuta unapopanda kwenye kingo za rimu unasikia mlio mkali, mara mbili, kila upande na wake. Baada ya hapo nikapitisha mililita 110 za maji ya kuziba kwenye vali, nikaizungusha tairi na kuilaza ubavu huu na ubavu ule. Pale ukuta unapokutana na rimu povu jeupe lilichemka kwa dakika kadhaa, likapungua, likakoma. Ya mbele ilikaa siku ileile. Ya nyuma ilitaka kulazwa usiku kucha na kujazwa tena asubuhi. Maji haya hukauka yenyewe ndani ya miezi michache, kwa hiyo kuyaongeza ni sehemu ya matunzo.

Ndani ya tairi ya nyuma nimeongeza sponji ya kulinda rimu. Uzito tena. Upepo sasa ni psi 22 mbele na 26 nyuma, na hapo ndipo nilipoiona tofauti kubwa kuliko kitu chochote nilichonunua: gurudumu linashika mizizi yenye unyevu badala ya kuirukia.

Breki

Diski zilikuwa za milimita 180 mbele na nyuma. Nimeweka 203 zote mbili. Kwa nguvu ileile ya kidole, mkono wa wenzo, yaani umbali kutoka kitovu hadi ukingo wa diski, umerefuka kwa takriban asilimia 13, na chuma kimeongezeka cha kubeba joto. Kwenye mteremko mrefu joto ndilo adui: mafuta ya breki yakichemka, mkono wa breki unazama hadi kwenye usukani na hakuna kinachotokea.

Kabla ya kununua nimepitia mambo yafuatayo, na yote yana uwezo wa kukurudisha dukani. Foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na fremu zina kikomo cha ukubwa wa diski, kimeandikwa kwenye mwongozo wa mtengenezaji. Kaliba (kibanio kinachobeba pedi) inahitaji adapta ya kuipandisha juu kwa kadiri diski ilivyokua. Unene nao: diski nyingi ni milimita 1.8, zipo nzito za 2.0 na hata 2.3, na kaliba lazima iwe na nafasi ya kuzipokea. Halafu kuna sumaku ya kihisi cha mwendo. Kwenye baiskeli yangu imekaa kwenye diski ya nyuma, si kwenye spoki. Diski isiyo na mahali pa sumaku inamaanisha mota haioni gurudumu likizunguka, na mota isiyoona mwendo inaonyesha hitilafu na kukata msaada. Nimeagiza ile yenye nafasi yake, nikapima umbali kati ya sumaku na kihisi kwa kufuata mwongozo.

Pedi nimechukua za unga wa metali. Zinapiga kelele zikilowa, hilo nimelikubali, lakini zinavumilia joto na hazikwishi haraka kwenye matope kama zile za utomvu. Diski nyingine za bei nafuu zimechorwa onyo kwamba ni za pedi za utomvu tu. Onyo hilo ni la kweli, kwa kuwa chuma chake ni laini na pedi za metali zitaichimba.

Mafuta ya breki ni jambo la kukumbuka wakati wa kununua vifaa vya kutolea hewa. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini; breki nyingi za SRAM hutumia DOT 5.1, mafuta yasiyo ya madini, ingawa aina zake mpya kadhaa nazo zimehamia kwenye madini. Ukiingiza moja mahali pa nyingine, mipira ya ndani inaharibika na breki nzima inaweza kuishia jalalani.

Bolti za diski ni T25 (kichwa cha nyota), na nimezikaza kwa spana ya torki hadi Nm 6. Spana hiyo ni kifaa pekee ambacho ningemshauri mtu anunue kabla hata ya tairi. Kisha kuzoesha pedi na diski: kwenye barabara tambarare, mwendo wa wastani, breki inabanwa hadi baiskeli karibu isimame bila gurudumu kujifunga, inaachiwa, inarudiwa tena na tena. Mwanzoni inashika kivivu. Halafu harufu ya kuungua inatoka, uso wa diski unapata rangi ya kijivu iliyosambaa sawasawa, na ghafla breki inaamka. Wengi huruka hatua hii wakaishia kulaumu pedi.

Cheni na gia

Mguu wangu na Nm 85 za mota vinapita kwenye cheni moja nyembamba. Kipimo cha cheni, kile kibati chenye meno mawili, kinakaa kwenye mfuko wa vifaa. Kwa gia 11 au 12 cheni inatoka ikirefuka asilimia 0.5, ukiingoja zaidi itaondoka na meno ya kaseti (rundo la spoketi za nyuma), na kaseti ndiyo yenye bei.

Kaseti ya zamani ilikuwa na spoketi kubwa za aluminiamu. Ninayoitaka ni ya chuma. Shimano walitoa mfumo wa Linkglide mwaka 2021 kwa ajili ya mambo kama haya, meno manene na kuhama gia chini ya mzigo bila kishindo. Kikwazo ni kwamba hauchanganyiki na gia zao nyingine: kaseti inataka shifta (swichi ya gia) yake na mashine yake ya nyuma ya kuhamisha cheni. Ni ununuzi wa mara moja na ni mzito kwa mfuko, kwa hiyo umesogezwa mbele. Kwa sasa nimeweka cheni mpya ya baiskeli za umeme, na nimejizoeza kulegeza mguu nusu sekunde kabla ya kubonyeza shifta. Hilo halina bei.

Mikono ya pedali nimeibadilisha kutoka milimita 170 hadi 160. Mota inakuruhusu kuendelea kukanyaga mahali ambapo kwa baiskeli ya kawaida ungekuwa umeshashuka kusukuma, na hapo ndipo pedali inapogonga mawe. Ukipunguza sentimita moja, mgongano unapungua mno, na miguu haikuona tofauti. Kumbuka pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume.

Nguzo ya kiti

Nguzo inayoshuka yenye mwendo wa milimita 170 imechukua nafasi ya ile ya 125. Kuichagua ni kazi ya futi ya chuma: kipenyo cha ndani cha bomba (30.9, 31.6 na 34.9 ndivyo vinavyokutwa zaidi), urefu unaoweza kuzama kabla ya kugonga mpindo au bolti ya ndani, na urefu unaobaki juu kiti kikiwa kimepanda. Kazi yenyewe ilikuwa kupitisha kebo ya kuishusha nguzo. Inashuka ndani ya fremu na kupita ubavuni mwa mota, kwenye upenyo usiotosha kidole, kwa hiyo bolti za mota zililegezwa na mota ikashushwa kidogo huku waya zake zikiwa hazijachomolewa. Nilifunga uzi kwenye kebo ya zamani kabla ya kuivuta nje, uzi ukabaki ndani kuongoza kebo mpya.

Nilivyovikata

Betri ya pili. Kwa njia zangu natumia karibu Wh 15 kwa kilomita, maana yake Wh 630 zinanipa kilomita 40 na kitu, na makalio huchoka mapema kuliko hapo. Betri ndogo ya nyongeza ya Wh 250 ingeongeza kilomita 16 hivi. Na anayedhani betri ndogo itasafiri naye kwa ndege, kikomo cha abiria ni Wh 160, tena kwa idhini ya shirika la ndege. Pesa hiyo nimeihamishia kwenye matunzo ya bure: betri isiyotumika kwa muda inakaa mahali pakavu penye ubaridi kiasi, ikiwa na chaji ya asilimia 30 hadi 60, na haichajiwi ikiwa imeganda kwa baridi.

Kifaa cha kufungua kikomo cha mwendo. Huko Umoja wa Ulaya msaada wa mota unakoma kwenye kilomita 25 kwa saa, na vifaa vya kuidanganya mota vinauzwa waziwazi. Mota za Bosch zenye programu mpya huutambua ujanja huo, huonyesha hitilafu namba 504 na kupunguza msaada. Hata zisipoutambua, dhamana imekufa. Sina hamu.

Madigadi marefu ya plastiki, yanayogongana na tairi pana kila njia ikiharibika. Nimeweka kipande kifupi chini ya taji la foku. Kishikio cha simu nacho hapana, mtikisiko wa mawe unaweza kuharibu kamera.

Foleni iliyobaki

Taa ya mbele itakayokula umeme wa mota yenyewe. Mota ina tundu la taa, lakini volti lazima zilingane, 6 au 12, na mara nyingi tundu hilo hufunguliwa na fundi mwenye programu ya mtengenezaji. Nitalifanya siku moja na huduma ya foku, ambayo imefikia saa 50 za kubadilisha mafuta ya miguu ya chini. Springi ya nyuma nayo nataka ngumu zaidi: shoki inazama asilimia 35 ya mwendo wake nikikaa tu, na ninaitaka kati ya 28 na 30. Na kile kibati cha aluminiamu kinachoshikilia mashine ya gia kwenye fremu: nimeagiza viwili, kimoja cha begi na kimoja cha nyumbani, kwa sababu ndicho kinachopinda kwanza baiskeli ya kilo 24 inapolala ubavu.