Krismasi ya Maragoli, Pamoja na Dada

Wiki ya Krismasi, steji ya Nakuru hujaa watu wanaoelekea magharibi. Nauli hupanda kadiri tarehe 25 inavyokaribia, mizigo hupangwa juu ya keria mpaka gari linaonekana kulemewa, na karibu kila msafiri ana mkate mkononi, maana ushago hakuendwi mikono mitupu. Sisi, tukielekea kwetu Maragoli, tulikuwa na mikate, sukari, majani ya chai na mfuko wa sare za shule ambazo dada yangu aliwashonea watoto wa nyumbani. Watoto wangu waligombania dirisha na binti yake. Binti yake akapewa, kwa sababu ndiye anayetapika kwenye kona.

Mwaka huu ulinipindua. Shamba la maua nililokuwa nikifanyia kazi Naivasha lilipunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Kazi ilipokwenda, nyumba nayo ikaenda, kwa kuwa tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Jioni hiyo nilimpigia dada. Hakuuliza nitakaa hadi lini. Alisema tu, "Leta watoto, shule tutatafuta."

Anaishi Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, vyumba viwili. Kila usiku tulisukuma cherehani hadi mlangoni ndipo magodoro yaenee, na alfajiri tunairudisha kabla wateja hawajaanza kubisha. Sikuwahi kumsikia akiguna. Watoto wangu walimzoea mama yao mkubwa hata wakawa wanamwomba yeye ruhusa kwanza. Mimi alinifundisha vifungo, kisha pindo, kisha kaptula nzima, na muhula wa tatu ulipoanza tulikuwa tunapokea kazi pamoja.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni gari lilipopita Salgaa. Simu ya Mama iliingia tukiwa Sachangwan, kama kawaida yake. Pale ndipo lori la mafuta lilipolipuka Januari 2009 watu wakichota petroli iliyomwagika, wakafa zaidi ya 100. Tangu wakati huo Mama hukadiria saa tutakayofika pale, na hakati simu mpaka asikie tumepita. Kwa hiyo tulizungumza kuhusu kuku, mvua, na mbuzi wa jirani, hadi mlima ukatuishia.

Mau Summit tulichepuka kushoto. Londiani ilikuwa na baridi ya kufunga vidole, na Kericho ikatupokea kwa mvua juu ya majani ya chai yaliyolala kijani pande zote mbili za barabara. Kisha barabara ikashuka, masweta yakavuliwa, na tulipofika Ahero joto la uwanda wa Kano lilikuwa limewalaza watoto wote.

Kaka yetu alitungoja Kisumu akiwa na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti. Ni fundi wa makochi soko la Kibuye, si mtu wa maneno. Mwaka mzima alinitumia pesa za chakula cha watoto shuleni kila mwisho wa mwezi. Pesa ziliingia kwenye simu bila salamu wala maelezo, na nikimpigia kumshukuru anauliza kama mvua imenyesha Nakuru. Nilipomshika mkono pale steji aliangalia mizigo. "Twende, gari linajaa."

Kutoka Mamboleo barabara hupanda Riat, na ukigeuka nyuma unaliona ziwa lote. Ukivuka ikweta karibu na Kiboswa, yale mawe makubwa ya Maragoli yanaanza kujitokeza mashambani, na hapo mimi huwa nimeshafika, hata kama Mbale bado iko mbele.

Sisi ni watu wa kanisa la Friends, yaani Quakers, lile ambalo hapa Kenya lilianzia Kaimosi mwaka 1902. Asubuhi ya Krismasi ulipofika wakati wa ushuhuda nilisimama, nikawataja dada na kaka kwa majina, nikasema walichonifanyia. Dada alinivuta sketi niketi. Sikuketi mpaka nikamaliza.

Nyumbani Mama alipakua ugali, mrenda na kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, hata mtoto anajua hivyo. Mama aliiweka mbele ya Baba kwenye sahani yake ndogo. Baba akaitazama, akaichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani ya dada.

"Baba, hii ni yako," dada akasema.

"Mwaka huu mwenye nyumba ulikuwa wewe. Kula."

Mama hakupinga. Dada aliimega vipande, akawagawia watoto wangu na wa kwake, kilichobaki akala yeye. Mjomba wao akaomba aongezewe mrenda, na maongezi yakaendelea.

Tarehe 26 tulishuka Mbale kwenye tamasha la Wamaragoli, vumbi na ngoma mpaka jua kuzama. Sina mengi ya kusimulia hapo, nilikuwa nimebeba mtoto aliyelala.

Siku ya kurudi Mama alitufungia ndizi, kunde na kuku mzima aliyefungwa miguu. Kondakta alipoanza kukusanya nauli dada alifungua pochi. Nilimshika mkono. Nilikuwa na pesa za kaptula, na nauli yetu sote hadi Nakuru nililipa mimi.